Jiwe Pekee Halituokoi: Tetemeko, Mbao na Nyumba za Kisumu

Kuna imani mbili zinazotembea pamoja mjini Kisumu na katika miji yote ya ufuo wa Ziwa Victoria upande wa Kenya. Ya kwanza husema kwetu hakuna matetemeko ya ardhi. Hayo ni balaa ya Wajapani na Waturuki. Ya pili husema hata tetemeko likija, atakayepona ni mwenye nyumba ya mawe, kwa kuwa nyumba ya mbao ni kibanda cha kujisitiri mtu akisubiri riziki yake ifunguke. Nasema imani zote mbili ni potofu. Kila moja ina madhara yake, na zikishikwa pamoja zinatujengea miji itakayowaangukia watoto wetu.

Wanaozishika si watu wasiofikiri. Anazishika mzazi wa Manyatta anayedunduliza fedha mwaka baada ya mwaka ili avunje chumba cha mabati ainue cha matofali. Anazishika afisa wa mikopo ambaye akisikia neno mbao hufunga faili. Wanazishika pia wajenzi wenye vyeti na uzoefu. Na wana sababu. Jiwe haliliwi na mchwa, haliungui, mwizi hulitoboa kwa taabu, na maji ya mto Nyando yakifurika hadi sebuleni hayalichukui. Kwa siku za kawaida hoja hizo zina nguvu. Ninachopinga ni kuzihamisha hadi siku ya tetemeko, kana kwamba kinachomzuia mwizi ndicho kitakachoihimili ardhi inayoyumba.

Tuanze na ardhi yenyewe. Kisumu imekaa ndani ya tawi la Bonde la Ufa. Tawi hilo, ambalo wanajiolojia huliita Ufa wa Kavirondo, linachomoka kutoka bonde kuu na kuelekea magharibi hadi ziwani. Tambarare ya Kano na Ghuba ya Winam ni ardhi iliyodidimia katikati ya mikatiko mikubwa ya miamba. Simama Ahero utazame upande wa Nandi, utaona ngome ya milima iliyosimama wima. Geukia kusini, utaona mteremko wa Nyabondo. Hizo ndizo kingo za ardhi iliyokatika. Mlima Homa unaouona ng'ambo ya ghuba ni volkano, na kandokando yake maji ya moto yangali yanachemka kutoka chini. Mwenye kusema ardhi hii imelala hajaitazama.

Na historia ipo. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko lenye ukubwa wa 6.9 lilipiga Subukia, kilomita zipatazo 160 mashariki mwa Kisumu, likaipasua ardhi kwa makumi ya kilomita. Machi 1966 likapiga Toro, magharibi mwa Uganda, na kuua zaidi ya watu 100. Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la 5.9 lilitikisa mpaka wa Kongo na Rwanda, na miongoni mwa waliokufa walikuwamo waumini waliokuwa kanisani. Tarehe 10 Septemba 2016 ikawa zamu ya Kagera, Tanzania. Ukubwa wake ulikuwa 5.9 tena, na mji ulioumia zaidi ulikuwa Bukoba, unaokaa kando ya ziwa hili hili letu. Watu wasiopungua 16 walikufa, mamia wakajeruhiwa, na shule za Ihungo na Nyakato zikaharibika kiasi cha kufungwa. Mtikisiko ule ulihisiwa hadi magharibi mwa Kenya.

Serikali yetu yenyewe imelijua jambo hili kwa zaidi ya nusu karne. Mwaka 1973 Wizara ya Ujenzi ilitoa mwongozo wa kubuni majengo kwa kuzingatia matetemeko, ukaigawa nchi katika kanda kulingana na ukali wa mtikisiko unaotarajiwa. Mtu anayesema Kenya haina matetemeko anabishana na Wizara iliyoandika mwongozo huo kabla wengi wetu hatujazaliwa.

Najua nitakavyojibiwa: Bukoba si Kisumu, na Subukia ni mbali. Ni kweli, Kisumu si Tokyo, wala sisemi tutikisike kila mwezi ndipo tujali. Lakini tazama ukubwa wa tetemeko la Kagera na lile la mpaka wa Kongo na Rwanda. 5.9 ni kipimo ambacho mara nyingi Japani hukipokea kwa rafu za maduka kumwaga makopo. Huku kwetu kiliwafukia watu. Kilichowaua ni ukuta uliokuwa juu ya vichwa vyao, na ukuta huo haukuwa wa mbao.

Hapo ndipo imani ya pili inapoanguka. Tetemeko halina nguvu maalumu ambayo limeiwekea kila nyumba. Ardhi ikisogea ghafla, nyumba hutaka kubaki pale ilipokuwa, na mvutano huo ndio unaoivunja. Kadiri nyumba ilivyo nzito, ndivyo nguvu inayoiangukia ilivyo kubwa. Uzito tunaojivunia mvua inaponyesha ndio unaogeuka adui ardhi inapotikisika.

Tupige hesabu kwa kalamu. Chukua nyumba ya mita 6 kwa 9, yenye kuta za kimo cha mita 2.7. Kuta za nje zina eneo la mita za mraba 81 kabla ya kutoa milango na madirisha. Ukuta wa mawe wa unene wa sentimita 20 una kilo 400 na zaidi kwa kila mita ya mraba, yaani tani 32 kwa jumla. Ukuta wa fremu ya mbao uliofunikwa kwa plaiwudi nje na jipsamu ndani hauzidi kilo 40 kwa mita hiyo hiyo, yaani tani 3 na ushei. Ardhi ikiisukuma nyumba kwa moja ya tano ya uzito wake, kuta za mawe zinabeba msukumo wa zaidi ya tani 6. Kuta za mbao zinabeba chini ya kilo 700. Ni nyumba ile ile, vyumba vile vile na familia ile ile.

Na jiwe lina ila nyingine. Linavumilia kugandamizwa, ila halivumilii kuvutwa. Ukuta wa matofali ya kuchoma yaliyounganishwa kwa udongo, au kwa saruji iliyochanganywa kwa ubahili, hushikiliwa na uzito wake mwenyewe. Ukisukumwa ubavuni, unavutwa upande mmoja, viungo vinaachia, na pembe mbili za nyumba zinaachana. Ukuta huo hautoi onyo. Mpasuko wa mshazari hutokea penye kona ya dirisha, kisha kipande kizima huanguka, mara nyingi kuelekea nje, na paa lililokuwa likiegemea hapo hufuata ndani, kwenye vitanda.

Haiti ilitufundisha somo hilo kwa damu. Januari 2010, tetemeko la 7.0 lilipoivunja Port-au-Prince, nyumba za vibamba vizito vya zege na matofali ya saruji ziliwafunika watu kwa makumi ya maelfu. Mjini humo humo zilikuwapo nyumba za zamani za fremu za mbao, nyingine zikiwa na zaidi ya miaka 100, na nyingi zilibaki zimesimama. Walioishi ndani yake hawakuwa wameziandaa kwa tetemeko. Wepesi na viungo vya mbao ndivyo vilivyowaokoa.

Hata hivyo sitetei mbao zozote tu. Ukienda Nyalenda au Obunga ukaushika mwimo wa mlango wa chumba cha mabati ukausukuma kwa bega, utaona kona ya juu ikienda na kurudi. Nguzo nne, vijiti vya mbao mbili kwa mbili, misumari miwili kila kiungo, na hakuna ubao hata mmoja wa mshazari. Nyumba hiyo haitaua wengi kwa kuwa ni nyepesi, lakini haikubuniwa. Fremu ya mstatili isiyo na kitu cha kuizuia hulala upande kama inavyotaka. Ninachodai ni mbao zilizobuniwa, nazo zina kanuni tatu ambazo fundi yeyote wa Kibuye anaweza kujifunza.

Kanuni ya kwanza ni kiwambo, ambacho wahandisi hukiita diaframu. Dari, paa au sakafu ya juu lazima iwe bapa moja linalosogea kwa pamoja, ili lipokee msukumo na kuugawa kwenye kuta. Mabati yaliyopigiliwa juu ya vijiti hayatoshi. Plaiwudi iliyogongomewa kwenye boriti inatosha, na hata mbao zilizolazwa kwa mshazari zinafanya kazi hiyo. Kiwambo kikisukumwa, ukingo wake mmoja hugandamizwa na ukingo wa pili huvutwa. Kwa hiyo mbao za juu ya kuta, zile zinazozunguka nyumba nzima, ziwe mbili mbili, maungio ya safu ya juu yasikutane na ya chini, na zipigiliwe hadi zimekuwa mshipi mmoja. Mshipi ukikatika, kiwambo kinakatika.

Kanuni ya pili ni kuta za kukinza. Baadhi ya kuta lazima zikabidhiwe kazi ya kupinga msukumo, kila upande wa nyumba na kwa mielekeo yote miwili, mashariki-magharibi na kaskazini-kusini. Ukuta huo ni fremu ya mbao mbili kwa nne, ikifunikwa kwa karatasi nzima ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8. Misumari ya inchi mbili na nusu hupigwa kila baada ya sentimita 15 kwenye kingo zote nne, na kila baada ya sentimita 30 katikati. Katika vitabu vya wahandisi wa Marekani, ukuta wa plaiwudi ya unene wa karibu nusu inchi uliopigiliwa hivyo, juu ya mbao nzuri, huruhusiwa kubeba kilo 380 hivi kwa kila mita ya urefu wake, akiba ya usalama ikiwa imeshatengwa. Rudi kwenye nyumba yetu ya mita 6 kwa 9. Ukijumlisha uzito wa paa na kuta za ndani, msukumo wote unakaribia tani moja na robo hivi. Karatasi mbili za plaiwudi kwenye kila ukuta wa nje, moja kila kona, zinaubeba. Ni karatasi 8 za kukinza kwa nyumba nzima, pamoja na vipande vya kufikia kimo cha mita 2.7. Plaiwudi hutengenezwa Eldoret, safari ya saa chache kutoka Kisumu.

Siri ya ukuta huo imo katika msumari. Nguvu inapokuja, karatasi ya plaiwudi hutaka kuteleza juu ya fremu, na kila msumari hujipinda kidogo katika mbao. Mbao hubonyea nyuzi zake pembeni mwa msumari, msumari hurudi, hujipinda tena upande wa pili. Kila mpindo hula sehemu ya nguvu ya tetemeko. Misumari mia hivi ikifanya kazi hiyo kwa pamoja, ukuta hulia na jipsamu hupasuka, ila hausambaratiki. Fundi anayepunguza misumari ili amalize mapema, au anayeipiga ukingoni kabisa ikapasua mbao, ameondoa kile kinachookoa maisha, na akishapaka rangi hakuna atakayeona.

Kanuni ya tatu ni kushikwa na msingi. Ukuta ukisukumwa sehemu yake ya juu, hutaka kuteleza sehemu ya chini na kuinuka upande mmoja. Mbao ya chini ifungwe kwa bolti zilizozama katika zege, na kila mwisho wa ukuta wa kukinza uwe na chuma kinachoshika mti wa kusimama na kuuvuta kwenye msingi. Ukikosa hivyo, umejenga sanduku imara lisiloshikwa na chochote.

Anayesema mbao haziaminiki, na aende Dunga akatazame mashua ya wavuvi ikiundwa. Mataruma membamba, mbao zilizogongomewa misumari, na hakuna ubao hata mmoja unaoweza kupambana na wimbi peke yake. Zikishikana zinabeba watu na nyavu usiku kucha katikati ya ghuba. Nyumba nayo ni hivyo hivyo: nguvu iko kwenye viungo, sio kwenye uzito. Tunaamini kiungo cha mbao juu ya maji yenye kina, kisha tukifika nchi kavu tunakidharau.

Sasa nije kwenye pingamizi lililo zito kuliko yote, kwa kuwa mwenye kulikwepa hajashinda hoja. Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko liliharibu Kobe, Japani, zaidi ya watu 6,000 wakafa, na wengi wao walifia chini ya nyumba za mbao. Mwaka mmoja kabla, tarehe ile ile ya Januari 1994, huko Northridge, California, jengo la mbao la ghorofa tatu liliilalia ghorofa yake ya chini, watu 16 wakafa. Je, mbao hazikuua?

Ziliua, na tukitazama kwa nini, hoja yangu inapata nguvu zaidi. Nyumba zilizoanguka Kobe zilikuwa kuukuu, zenye vigae vizito vilivyolazwa juu ya udongo, kuta chache za kukinza, na nguzo nyingi zilizooza au kuliwa na mchwa. Uzito ulikuwa juu na kiungo kilikuwa dhaifu chini. Nyumba za mbao zilizojengwa baada ya Japani kukaza kanuni zake mwaka 1981 zilifanya vizuri mno kuliko zile. Jengo la Northridge nalo lilikuwa na nafasi za kuegesha magari chini, kwa hiyo kuta za kukinza za ghorofa ya chini zilikuwa haba wakati ghorofa za juu zimejaa kuta. Na mwaka 2009, mjini Miki, Japani, watafiti walijenga jengo la ghorofa sita za mbao kwa ukubwa wake halisi, wakalitikisa kwa mtambo kwa nguvu iliyozidi ya Northridge, nalo likabaki limesimama. Mbao ile ile. Kilichobadilika ni ubunifu.

Sasa tazama Kondele, hapa Kisumu, kwa jicho hilo la Northridge. Chini ni maduka, mbele wazi kabisa, milango ya chuma ya kukunja kutoka nguzo hadi nguzo. Juu ni vyumba vya kupanga, kuta tele, mara nyingine zimechomoza hadi juu ya barabara. Hayo ni majengo ya zege na matofali, mazito kuliko majengo ya mbao, na kosa lake ni lile lile la California: ghorofa dhaifu chini ya ghorofa nzito. Wanaoitaja Northridge ili kuikataa mbao wanalala ndani ya Northridge yao wenyewe, iliyojengwa kwa zege.

Kuhusu mchwa, nguzo za stima zilizotiwa dawa zinasimama ardhini miaka na miaka kote Nyanza, na nyingi ni mikaratusi. Mbao ikitiwa dawa vizuri na ikainuliwa juu ya ardhi kwa msingi wa zege, mchwa hupata nafasi ndogo sana. Kuhusu moto, hofu ni halali, na ndiyo maana ukuta wa mbao unafunikwa jipsamu ndani, nyaya za stima zipitishwe kwenye mabomba, na nyumba zisigusane. Kuhusu misitu, amri ya kusimamisha ukataji ya Februari 2018, iliyoondolewa 2023, ilitufundisha kwamba tunategemea misitu michache ya serikali kupita kiasi. Jibu ni kupanda, na mashamba ya Vihiga na Kisii yameshaonyesha kwamba mkulima mdogo akipata soko la mti, hupanda mti.

Wala simwambii mwenye kutaka nyumba ya mawe asijenge. Namwambia aifanye ishikane. Nguzo za zege zenye nondo kwenye kila kona, mshipi wa zege wenye nondo unaozunguka kuta zote juu ya madirisha, na paa lililofungwa kwenye mshipi huo kwa vyuma, zinaweza kuibadilisha nyumba ya matofali kutoka rundo kuwa jengo. Lakini hilo linahitaji nondo, saruji safi na usimamizi wa karibu, na huko ndiko ubahili wetu hupenda kupita. Tuliliona Huruma, Nairobi, Aprili 2016, jengo la ghorofa lilipoanguka baada ya mvua na kuua takriban watu 50, bila tetemeko lolote. Jengo lisiloweza kuhimili mvua lisitegemewe kuihimili ardhi ikitikisika.

Kenya sasa ina Kanuni ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2024, iliyochukua nafasi ya ile ya 1968. Kanuni bila fundi ni karatasi. Serikali ya Kaunti ya Kisumu itoe michoro iliyoidhinishwa ya nyumba ndogo za mbao, zenye kiwambo, kuta za kukinza na bolti za msingi, apewe bure kila anayeomba kibali. Chuo cha Kisumu National Polytechnic kiwafundishe mafundi kupiga misumari kwa vipimo na kukagua viungo kabla havijafunikwa. Wakaguzi waende eneo la ujenzi kabla jipsamu haijafungwa, kwa sababu baada ya hapo hakuna cha kukagua. Na wakopeshaji waache kuuliza kama nyumba ni ya mawe, waanze kuuliza kama imeshikana.

Wewe unayejenga mwaka huu, Nyamasaria, Mamboleo, Kendu Bay au Homa Bay, muulize fundi wako mambo matatu kabla hujampa malipo ya kwanza. Paa limeshikwa na nini kwenye ukuta? Ukuta umeshikwa na nini kwenye msingi? Na ni kuta zipi, kwa kila upande, zitakazokinza msukumo ardhi ikitikisika? Asiyeweza kukujibu yote matatu, usimpe kazi.